Kiwanda cha Chapa Mfukoni

Barabara ya Kitaifa namba 5 inaingia Uvira, mashariki mwa Kongo, kwa upande wa Kavimvira, ikitoka uwanda wa Ruzizi, na kuupita mji mzima kati ya mlima na Ziwa Tanganyika mpaka bandari ya Kalundu. Kandokando yake kuna vibanda vya sekretaria: meza, kompyuta moja au mbili, printa, mashine ya fotokopi, na umeme wa shirika la SNEL siku ukiwapo, jenereta au paneli ya jua siku usipokuwapo. Hapo ndipo barua za maombi, mialiko ya harusi, ripoti za mashirika, vitabu vya nyimbo za kwaya na kazi za kumalizia masomo, TFC kama kila mtu anavyoziita, hugeuka kuwa karatasi. Na hapo ndipo maandishi hupata taabu. Kazi iliyopangwa vizuri kwenye kompyuta ya binamu, kwa toleo fulani la Word na fonti fulani, ikifunguliwa kwenye mashine isiyo na fonti hiyo inajipanga upya yenyewe. Jedwali linakatika katikati, picha inahama, na orodha ya yaliyomo inataja ukurasa wa 34 kumbe sura yenyewe imeshasogea wa 36. Mwanafunzi amesimama nyuma ya kiti. “Papa, kurasa zimeruka.” Foleni inaongezeka, mafuta ya jenereta yanapungua.

Nataka kumsifu fundi aliyekataa kuliacha jambo hili liwe la kawaida. Kazi yake ni kukitia kiwanda kizima cha kupanga kurasa ndani ya flashi moja: programu ya kupanga, fonti, kanuni za kukata maneno, kihariri cha kuandikia, kisomaji cha PDF na vielelezo vya kazi. Vyote vinakaa pamoja na vinafanya kazi kwenye kompyuta yoyote flashi itakapochomekwa, bila kusakinisha kitu, bila nywila ya msimamizi, bila intaneti. Ikichomolewa, kompyuta ya mwenyewe inabaki kama ilivyokuwa. Mvuvi wa ndagala wa ziwa hili hutoka jioni akiwa amepakia taa, mafuta, wavu, kamba na kopo la kutolea maji chomboni, kwa kuwa usiku huko hakuna duka. Fundi wa flashi hupakia kwa akili hiyo hiyo. Uzuri wa kazi yake haupo katika kile flashi inachofanya, maana kupanga kurasa kunaweza kufanywa kwa njia nyingi. Upo katika idadi ya vitu ambavyo flashi hiyo haimwombi mwenyeji wake.

Programu anayoichagua ni TeX. Donald Knuth, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, aliianza mwaka 1977 baada ya kuona kurasa za majaribio za toleo la pili la juzuu ya pili ya kitabu chake kikubwa cha sayansi ya kompyuta zimetoka vibaya kwa mitambo mipya ya wakati ule. Alidhani ni kazi ya muda mfupi. Ilimla karibu miaka kumi. Katika miaka ya 1980 Leslie Lamport akaijengea juu yake LaTeX, ambayo ndiyo watu wengi huigusa: unaandika kwamba hiki ni kichwa cha sura, hili ni jedwali, huu ni mtajo wa kitabu, na programu inaamua vikae wapi na vipewe namba gani.

Kwa mtu wa Uvira sifa mbili za TeX zina uzito kuliko nyingine. Kwanza, chanzo chake ni maandishi matupu. TFC nzima, ukiacha picha, ni faili la kilobaiti mia chache, linalosomeka kwa kihariri chochote duniani, na umeme ukikatika ghafla kinachopotea ni mistari ya mwisho ambayo haikuhifadhiwa. Pili, imetulia. Knuth aliacha zamani kuongeza mambo mapya. Anasahihisha makosa tu, na kila awamu ya masahihisho inaongeza tarakimu kwenye namba ya toleo, namba ambayo inaikaribia π. Toleo la mwaka 2021 ni 3.141592653. Hakuna leseni inayoisha muda wala dirisha linalokudai uunganishe intaneti kwanza. Flashi iliyotengenezwa vizuri mwaka huu itapanga kurasa hizo hizo, mstari kwa mstari, miaka kumi ijayo.

Kuna pia jambo la tatu, ambalo macho huliona kabla akili haijalieleza. Programu nyingi za ofisini huujaza mstari, zinaukata, zinakwenda kwenye mstari unaofuata, na hazirudi nyuma. TeX huisoma aya nzima kwanza. Knuth na Michael Plass waliieleza njia hiyo katika makala ya mwaka 1981: kila neno ni sanduku, kila nafasi kati ya maneno ni gundi inayoweza kutanuka na kubanwa kwa kiasi, na programu inazilinganisha njia zote zinazofaa za kuigawa aya, ikizitoza faini kwa kila mstari uliolegea au uliobanwa kupita kiasi. Hatimaye huchagua njia yenye faini ndogo kuliko zote. Ndiyo maana inaweza kuubana mstari wa pili kidogo ili wa sita usiaibike. Ukiuweka ukurasa wa namna hii kando ya ukurasa wa kawaida wa sekretaria, hata mtu asiyejua lolote kuhusu uchapaji atakuonyesha ulio mzuri.

Sasa kazi yenyewe. TeX Live, mkusanyiko unaotolewa tangu 1996, ukiuchukua mzima unazidi gigabaiti 7. Kwa vifurushi vya data vya simu huo ni mzigo mkubwa, kwa hiyo njia ya busara ni kuupata mkononi, kwa mtu aliyeupakua mahali penye mtandao mzuri au aliye na DVD ya chama cha watumiaji wa TeX. Kisheria hakuna kizuizi; programu hizi zimetolewa ili zinakiliwe na kugawiwa. Kisakinishi chake kina chaguo la kubebeka: ukiongeza -portable kwenye amri ya kusakinisha, kila kitu kinawekwa chini ya folda moja na Windows haiguswi.

Fundi mchanga akifika hapo hufurahi na kunakili vyote. Aliyekomaa huuliza kwanza flashi yenyewe imepangwaje ndani. Flashi ya gigabaiti 64 kwa kawaida huja na mfumo wa exFAT, na Windows ikiipanga kwa mazoea yake huigawa nafasi katika vipande vya kilobaiti 128. Faili la kilobaiti 2 linakalia kipande kizima, na nafasi iliyobaki ndani ya kipande hicho haipewi faili jingine. TeX ni msitu wa faili ndogo ndogo. Faili 100,000 zitakalia karibu gigabaiti 13, hata kama uzito wake halisi ni sehemu ndogo tu ya hiyo. Basi kabla ya kunakili chochote anaipanga flashi upya kwa vipande vidogo, au anachagua NTFS, ambayo kwa kawaida hutumia kilobaiti 4, ikiwa anajua itaishi kwenye Windows tu. Ni uamuzi unaofanywa mara moja, dakika chache, na mtumiaji hatakuja kujua kwamba kulikuwa na uamuzi.

Kisha anapunguza. Nyaraka za vifurushi vya TeX zinatoka, misimbo chanzo inatoka. Vifurushi vya chesi na vya Kijapani vinatoka. Vya noti za muziki anavifikiria mara mbili, kwa sababu ya kwaya. Vinavyobaki ni Kifaransa, Kiingereza, hisabati, majedwali marefu, bibliografia, michoro. Mti wa gigabaiti 7 unaweza kushuka chini ya gigabaiti moja bila mwanafunzi wa uchumi wala wa elimu kukosa kitu. Mimi naiona hatua hii kuwa kipimo cha fundi: kuongeza hakuhitaji maarifa, lakini kuondoa kunamtaka ajue kwa hakika watu wake wanaandika nini.

Halafu kuna umri wa mashine. Tangu TeX Live ya mwaka 2023, programu za Windows hutolewa kwa biti 64 peke yake. Kompyuta kuukuu zenye Windows ya biti 32 haziwezi kuziendesha. Kwa hiyo flashi nzuri ya sekretaria hubeba miti miwili: toleo la 2022, la mwisho lililozijali mashine hizo, na toleo jipya zaidi. Skripti ya kuanzishia huuliza kompyuta ni ya aina gani na kuchagua yenyewe. Fundi naye hujinyima: katika vielelezo vyake hatumii jambo lolote ambalo mti wa 2022 haulijui, ili kazi iliyoanzwa mtaani Mulongwe kwenye mashine mpya iweze kumalizwa Kalundu kwenye mashine nzee.

Hapa nafika kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote. Flashi ikichomekwa, Windows huipa herufi. Kwenye mashine hii ni E. Kwenye ile yenye visomaji vya kadi ni H. Ukiwa umeandika mahali popote kwamba fonti ziko E:\fonti, umeshapoteza. Kwa hiyo skripti ya kuanzishia, faili dogo la .bat, huanza na alama zinazoonekana kama kosa la kuchapa: %~dp0. Maana yake ni “folda niliyomo mimi mwenyewe”. Skripti haijui iko kwenye kompyuta gani wala imepewa herufi gani. Inajua tu kujitazama ilipo, na kutoka hapo inahesabu njia za kila kitu kingine.

Chini yake TeX inafanya jambo lile lile kwa ustadi mkubwa zaidi. Ina maktaba ya kutafutia faili iitwayo kpathsea, iliyoanzishwa na Karl Berry. Programu ikiitwa, maktaba hiyo hutazama faili la programu limekaa wapi kwenye diski, kisha hupanda. Folda yenye programu inaitwa SELFAUTOLOC, iliyo juu yake SELFAUTODIR, iliyo juu ya hiyo SELFAUTOPARENT. Faili la mipangilio, texmf.cnf, linaueleza mti wote kwa kuanzia kwenye majina hayo matatu: fonti ziko hapa kutoka shinani, kanuni ziko pale. Uhamishe mti kutoka diski ya ndani kwenda flashi, kutoka flashi kwenda kadi ya simu, shina linahama pamoja na matawi yake na hakuna njia inayokatika. Waliounda haya hawakuwa wakiifikiria Uvira. Walijiuliza tu swali la haki: je, mtu akikihamisha chombo changu bila kuniambia?

Kuna pia faili jingine la unyenyekevu, ls-R, ambalo ni orodha tupu ya kila faili lililomo mtini. Likiwapo, programu haizunguki folda maelfu ikitafuta. Inasoma orodha na kwenda moja kwa moja. Kwenye diski ya kisasa tofauti ni ndogo. Kwenye flashi ya bei nafuu, iliyochomekwa kwenye tundu la zamani, ndiyo inayotenganisha kungoja kwa sekunde na kungoja mpaka mteja aondoke.

Tuje kwenye herufi. Fundi haziamini fonti za mwenyeji, hata zile ambazo kila mtu husema zipo kila mahali. Anazinakili za kwake ndani ya flashi, na katika kielelezo anazitaja kwa jina la faili na folda yake. Akizitaja kwa jina tu, programu inaweza kwenda kuziokota kwenye Windows, na huko inaweza kukuta toleo jingine lenye upana tofauti, na mchezo wa kurasa kuruka ukaanza upya.

Ni fonti gani? Nikiulizwa mimi, jibu ni Charis SIL, na sababu yake inaihusu printa ya sekretaria. Charis imejengwa juu ya Charter, herufi zilizochorwa na Matthew Carter kwa kampuni ya Bitstream mwaka 1987. Carter alikuwa akizifikiria printa za wakati ule, za nukta chache kwa inchi, ambazo huziba matundu ya herufi na kuvunja mistari myembamba. Akazipa herufi zake miguu minene ya pembe, mistari isiyo na nywele nyembamba, matundu mapana. Mwaka wowote ule, wino ukikaribia kwisha, na nakala ikitolewa kutoka nakala ya nakala kama inavyokuwa kwa karatasi za maswali ya mtihani, Charter husimama pale Times inapoanza kufifia.

Sababu ya pili ni lugha. Kwenye pwani hii ya ziwa Kiswahili hukaa pamoja na Kifuliiru, Kivira, Kibembe na Kirundi, na Kifaransa juu yake. Mchambuzi wa lugha huweka alama za toni juu ya irabu, hata juu ya m na n, na fonti nyingi za ofisini huiacha alama ikielea pembeni mwa herufi au huonyesha kisanduku kitupu. Shirika la lugha la SIL lilizipanua herufi za Charter kwa ajili ya kazi kama hizo. Ni shirika hilo hilo lililochapisha mwaka 2011 sarufi ya Kifuliiru ya Karen na Roger Van Otterloo, juzuu mbili. Na mfanyakazi wake, Jonathan Kew, ndiye aliyetoa XeTeX mwaka 2004, TeX inayosoma Unikodi na fonti za kisasa moja kwa moja. PTXprint, chombo kinachotumiwa kupangia tafsiri za Biblia katika lugha ndogo duniani, huendeshwa na XeTeX. Kihariri TeXworks, kinachokuja pamoja na TeX Live kwa Windows, ni kazi ya Kew vilevile, na ukiweka kando yake faili liitwalo texworks-setup.ini kinaacha kuandika mipangilio yake kwenye kompyuta ya mwenyeji. Watu waliozoea kufanya kazi mbali na ofisi hujulikana kwa mambo kama haya.

Kupata chapa ya lugha mahali pasipo na kiwanda si jambo geni kwetu. Mmisionari Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, na kufikia 1867 alikuwa ameshachapisha hukohuko Zanzibar kijitabu juu ya lugha ya Kisambaa. Risasi za herufi zilizokusanywa kwa ajili ya Kiingereza huwa zimehesabiwa kwa Kiingereza. Yeyote aliyewahi kuandika Kiswahili anaweza kuona shida yake: k na w zilizo sandukuni huisha mapema. Fundi wa flashi hana hofu ya kuishiwa k, lakini anarithi tatizo la undugu huo: chombo kilichopimwa kwa lugha nyingine. Kwake tatizo liko kwenye ukataji wa maneno.

Kiswahili kina maneno marefu. Neno kama “watakaowafundisha”, lisipoweza kukatwa, linasukumwa zima kwenye mstari unaofuata, na nyuma yake linaacha mapengo meupe yanayotiririka ukurasani. Katika tasnifu yake ya mwaka 1983, Frank Liang, mwanafunzi wa Knuth, alitoa njia ya kuifundisha kompyuta kukata. Unaandika vipande vya herufi vyenye tarakimu kati yake. Tarakimu witiri huruhusu kukata, shufwa hukataza, na pale zinapogongana kubwa hushinda. Kwa Kiingereza alihitaji vipande 4,447, navyo vilipata asilimia 89 tu ya mahali panaporuhusiwa.

Kwa Kiswahili fundi huanza na vitano: a1, e1, i1, o1, u1. Kata baada ya irabu. Hivyo tu, na tayari una ki-ta-bu, ka-mba, sa-ma-ki. Lugha yetu imekuwa tayari kwa mashine hii karne nyingi kabla mashine haijazaliwa. Kisha yanakuja maneno yenye asili ya mbali. “Daftari” kwa kanuni hizo tano ingekatwa da-ftari, na sikio linakataa. Fundi anaongeza 2f1t: usikate kabla ya f ikifuatwa na t, kata kati yake. Inakuwa daf-ta-ri. Kwa “daktari” 2k1t, kwa “labda” 2b1d, kwa “askari” 2s1k. Kwa “taasisi” anaandika a2a, ili irabu pacha zisitenganishwe. Orodha inakua polepole, neno kwa neno, kadiri kazi za watu zinavyopita, na orodha nzima inaweza kukaa kwenye karatasi moja.

Kisha kuna ng'. Kwa TeX kibainishi si herufi, na neno likifika kwenye kitu kisicho herufi ukataji husimama hapo. “Wanaong'ang'ania” inaweza kukatwa mwanzoni tu. Kilichobaki, chenye urefu wote, hakiguswi. Dawa ni amri moja fupi, \lccode, inayoiambia TeX ikihesabu kibainishi kuwa miongoni mwa herufi. Nimewaona watu wenye shahada wakiishi na mapengo hayo meupe miaka mingi, wakiamini kwamba Kiswahili ndicho kilicho na kasoro. Fundi anajua pia kwamba XeTeX hupokea vipande vya ukataji wakati wa kutengeneza faili lake la msingi tu, wakati ndugu yake, LuaTeX, inaweza kuvisoma papo hapo. Kwa hiyo ama analitengeneza upya faili la msingi na kulihifadhi ndani ya flashi, ama anaitumia LuaTeX na kukubali kwamba huenda polepole. Akichagua ya pili, huiendesha mara ya kwanza nyumbani, kwa sababu mara hiyo LuaTeX huorodhesha fonti zote, na mteja hapaswi kuingoja kazi hiyo.

TFC za hapa zina tabia moja inayompa fundi nafasi ya kuonyesha uhodari. Kazi huandikwa kwa Kifaransa, lakini hojaji iliyopelekwa kwa wavuvi au kwa akina mama wa soko mara nyingi ni ya Kiswahili, na huwekwa nyuma kama kiambatisho. Kifaransa hutaka nafasi nyembamba kabla ya nukta-mkato, alama ya kuuliza na alama ya mshangao, na hutaka alama zake za kunukuu. Kiswahili hakitaki. Kielelezo kizuri hubadilisha kanuni zote kwa pamoja pale lugha inapobadilika, nafasi na ukataji, na kuzirudisha mwishoni. Msomaji hataona kitu. Ataona tu kwamba hojaji inaonekana imeandikwa na mtu aliyewaheshimu walioulizwa.

Adui wa flashi za sekretaria ni virusi. Conficker, iliyoanza kuenea mwaka 2008, ilisafiri kwa flashi, na ingawa Microsoft ilizima kujiendesha kwa flashi mwaka 2011, bado kuna virusi vinavyoficha folda na kuweka njia za mkato za uongo mahali pake. Jibu la fundi ni kutenga chombo na kazi. Kiwanda anakiweka kwenye kadi ya SD iliyo ndani ya kisomaji chake, kwa sababu kadi hiyo ina kifungo kidogo pembeni kinachokataza kuandikwa, ikiwa kisomaji kinakitii. Kazi za wateja zinakaa kwenye flashi ya pili. Lakini TeX ina desturi ya kuandika akiba ya fonti ndani ya mti wake, na mti uliofungwa utalalamika. Basi skripti ya kuanzishia inaelekeza kigezo TEXMFVAR kwenye flashi ya pili. Mstari mmoja. Ili kuuandika, inabidi uwe umefahamu jinsi mti wote unavyoishi.

Kabla ya kukitoa kiwanda, fundi hukijaribu mahali kisipotarajia: kwenye mashine ambayo haikukitengeneza, kwa akaunti isiyo ya msimamizi, intaneti ikiwa imezimwa, ndani ya folda yenye jina lenye nafasi na herufi é, maana kuna kompyuta ambazo jina la mtumiaji ni la Kifaransa. Ana ukurasa mmoja wa majaribio uliojaa kila kitu kinachoweza kuharibika: ng'ombe na ng'ambo, œ na ç, toni juu ya n, jedwali lenye desimali, jina la kisayansi la ndagala, Stolothrissa tanganicae, kwa herufi za mlazo, picha, mtajo wa kitabu. Anaupanga, anauchapa, anauweka juu ya ukurasa uliochapwa nyumbani na kuunyanyua dhidi ya mwanga. Mistari inapaswa kulaliana. Jambo moja amejifunza kulizuia: kompyuta nzee ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa huamka ikiamini ni mwaka mwingine kabisa, na amri ya kuweka tarehe ya leo itauandika mwaka huo kwenye jalada la TFC. Katika vielelezo vyake tarehe huandikwa kwa mkono.

Udogo wa kitu hiki una maana yake katika mji huu. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika na kubeba nyumba pamoja na vilivyokuwamo. Mwaka 2025 maelfu walivuka kwenda Burundi kwa sababu ya vita, na mtu anayekimbia habebi kompyuta ya mezani. Kazi iliyo kwenye flashi ya ukubwa wa kidole, na nakala yake ikiwa kwa ndugu mtaa mwingine, ina nafasi ya kuendelea kuwapo. Fundi hunakili flashi ya kazi kila jioni kwenye nyingine, na huitoa kwa utaratibu, si kwa kuing'oa, kwa sababu mifumo ya FAT haina kumbukumbu ya kurekebisha kilichokatizwa katikati ya kuandikwa.

Kwenye printa anakabidhi PDF, ambayo imebeba fonti zake ndani. Anaomba jambo moja tu kwa mwenye mashine: chapa kwa ukubwa halisi, usipunguze ili itoshe. Vijitabu vya kusomea vya watu wazima na vya kwaya anavipanga kwa ukubwa wa A5, idadi ya kurasa ikiwa inagawanyika kwa nne, na kiwanda kinazipanga upya kwa kukunjwa: ukurasa wa 16 kando ya wa 1, nyuma yake wa 2 kando ya wa 15, mpaka kurasa 16 zikae kwenye karatasi nne za A4. Stapla mbili kwenye mkunjo, na kijitabu kimekwisha.

Akija kijana anayetaka kujifunza, somo la kwanza ni kunakili kadi nzima kwenye kadi yake, bila kusakinisha chochote, kisha kuupanga ule ukurasa wa majaribio kwenye mashine ya kwanza atakayoikuta. La pili ni kulifungua faili la vipande vya ukataji na kuongeza neno moja ambalo fundi mwenyewe hakuwahi kulikuta.